Kifua Kikuu Kinapona: Somo kwa Kamati za Usharika



Huku Ziwani na katika vijiji vya pwani hadi mdomo wa mto Ruvuma, mtu akikohoa muda mrefu huenda akaambiwa amerogwa, au akafichwa ndani kwa aibu. Wakati huo anaendelea kuambukiza nyumba nzima. Tujifunze pamoja ili tuwe msaada.

Ugonjwa wenyewe
Kifua kikuu huletwa na bakteria aliyegunduliwa na Robert Koch wa Ujerumani mwaka 1882. Haurithiwi, wala hauenezwi kwa sahani, kikombe au kupeana mikono. Huenea kwa hewa, mgonjwa wa mapafu anapokohoa, hasa katika chumba kisichopitisha hewa. Wasiotibiwa, karibu nusu hufariki.

Dalili ni kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa, jasho jingi usiku, kukonda, na pengine makohozi yenye damu. Anayeishi na VVU asisubiri wiki mbili; akianza kukohoa aende kupimwa.

Vipimo
Hupimwa makohozi yanayotoka kifuani, siyo mate. Zamani ilikuwa darubini peke yake. Siku hizi ipo pia mashine ya GeneXpert, ambayo kwa muda wa saa mbili hivi huonyesha vimelea, na kama vimekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Mtoto mdogo hawezi kutoa makohozi kwa urahisi, hivyo mganga huangalia pia picha ya kifua na kuuliza nani anakohoa nyumbani.

Matibabu
Kifua kikuu cha kawaida hutibiwa kwa miezi sita: dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne. Nchini Tanzania dawa hizi hutolewa bure. Mkojo ukiwa na rangi ya chungwa, mgonjwa asiogope, ni dawa. Macho yakiwa ya njano, arudi kituoni mara moja.

Hatari kubwa huja mgonjwa anapopata nafuu. Baada ya wiki chache homa huisha, nguvu hurudi, naye huona amepona. Akiacha dawa, vimelea vilivyobaki vinaweza kuwa sugu, na matibabu yake ni magumu zaidi.

Nchi yetu ina historia katika jambo hili. Mwaka 1977 ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma, kwa ushauri wa Dkt. Karel Styblo. Mgonjwa aliangaliwa akimeza dawa, na kila mmoja aliandikwa na kufuatiliwa hadi mwisho. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani lilieneza utaratibu huo ulimwenguni kwa jina la DOTS. Dawa nzuri peke yake haikutosha. Alihitajika mtu wa kusimama na mgonjwa.

Kazi ya kamati
1. Kumsindikiza anayekohoa hadi zahanati, awe msharika au jirani Mwislamu.
2. Kumsaidia mgonjwa kuchagua mtu wa kumwona akimeza dawa kila siku.
3. Mvuvi anayekwenda dago, au mkulima anayehamia shambani, amwambie mhudumu mapema ili apangiwe dawa au kituo kingine.
4. Kuhimiza wote wa nyumba hiyo wapimwe, hasa watoto.

Kwa wafadhili wetu: dawa ni bure, lakini nauli si bure, na tumbo tupu halivumilii vidonge. Mchango wa nauli na unga unaweza kumfikisha mtu mwezi wa sita.

Maswali ya kujadili
Ni nani katika mtaa wetu anakohoa zaidi ya wiki mbili? Nani atakwenda kwake wiki hii? Na akianza dawa, nani atakuwa naye hadi kidonge cha mwisho?