Kunyoa Miguu Bila Kuijeruhi Ngozi

Anayenyoa miguu hutafuta ulaini, lakini wengi huambulia michubuko, mwasho na vipele. Mara nyingi lawama huangukia ngozi, ilhali kosa limo katika namna ya kunyoa. Somo hili linaeleza kinachotokea katika ngozi, jinsi ya kuilinda, na watu ambao kwao hata mkato mdogo una hatari.

Kinachotokea katika ngozi

Tabaka la nje la ngozi ni jembamba, nalo ndilo ukuta unaozuia vijidudu kuingia mwilini. Wembe unapopita hukata nywele na kukwangua sehemu ya ukuta huo. Ngozi ikiwa kavu, au wembe ukiwa butu na kukandamizwa, mkwaruzo huzidi.

Nywele zilizojisokota, ambazo ni za kawaida kwa Waafrika wengi, zina hatari ya ziada. Zikikatwa kinyume cha uelekeo wake, ncha kali hubaki chini ya uso wa ngozi. Zinapokua hujipinda na kuichoma ngozi kutoka ndani. Mwili huzipinga kama kitu kigeni. Hapo hutokea kipele, pengine usaha, na baadaye doa jeusi linaloweza kudumu kwa miezi.

Hatua za kunyoa

1. Miguu ilowanishwe kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika 3 hivi. Unywele uliofyonza maji hulainika na kukatika kwa urahisi. Kwa hiyo wakati mzuri wa kunyoa ni mwishoni mwa kuoga.
2. Ipakwe krimu ya kunyolea au povu zito la sabuni isiyo kali.
3. Utumike wembe safi na mkali. Ubadilishwe baada ya kunyolea mara 5 hadi 7, au mapema ukianza kuvuta nywele.
4. Wembe upitishwe taratibu, bila kukandamiza, kufuata nywele zinakoelekea, na usuuzwe mara kwa mara. Sehemu moja isirudiwe-rudiwe.
5. Goti likunjwe kidogo ili ngozi yake inyooke. Ugokoni na kwenye kifundo, ambako mfupa uko karibu na ngozi, mkono uwe mwepesi zaidi.
6. Miguu isuuzwe kwa maji baridi, ikaushwe bila kusuguliwa, kisha ipakwe mafuta yasiyo na manukato. Spiriti, limau na marashi huongeza mwasho.

Wembe hauazimwi, hata baina ya ndugu. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, na damu inayovibeba huenda isionekane kwa macho.

Wanaohitaji tahadhari zaidi

Mgonjwa wa kisukari aliyepungukiwa na hisia miguuni anaweza kujikata asijue, na kidonda chake kikachelewa kupona. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hutokwa na damu kwa muda mrefu. Wote wawili ni heri watumie mashine ya umeme ya kupunguza nywele badala ya wembe, au waziache nywele zao. Vivyo hivyo kwa mtu ambaye makovu yake huvimba na kukua kupita jeraha lenyewe. Mahali penye kidonda au fangasi pasinyolewe.

Mgonjwa anayesubiri upasuaji asijinyoe nyumbani kwa nia ya kujiandaa. Mikwaruzo ya wembe huwapa bakteria makao karibu na mahali patakapopasuliwa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unaelekeza kwamba nywele ziachwe, au zikilazimika kuondolewa, zipunguzwe kwa mashine tu.

Wakati wa kwenda kituoni

Vipele vichache kwa kawaida hutulia mtu akiacha kunyoa kwa muda. Lakini joto, uvimbe na maumivu yanayosambaa, usaha au homa ni dalili za maambukizi yanayohitaji tiba mapema. Katika ngozi nyeusi wekundu huweza kufichika. Mhudumu auguse mguu na kuulinganisha na wa pili. Aulize pia, bila kumwaibisha mgonjwa, lini aliponyoa na kwa wembe wa nani. Jibu hilo laweza kuonyesha ugonjwa ulipoingilia.