Mdogo Wangu, Usikimbilie Vanishi

Mdogo wangu, najua umepata piano. Pengine umeachiwa na bibi, pengine kanisa limenunua kinanda cha umeme na ile piano kuukuu ikakosa pa kukaa, ukaambiwa njoo na gari uchukue bure. Na najua wazo lililokujia kwanza: msasa na vanishi, ing'ae sebuleni kabla ya sikukuu. Usione haya, wengi huanzia hapohapo. Lakini kaa chini dada yako nikwambie, maana nimeona watu wakilia baada ya hela kwisha.

Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Piano ndivyo ilivyo. Ndani kuna nyaya za feleji zaidi ya 200, na mvuto wake kwa jumla hufika tani 15 na zaidi. Kila waya umezungushwa kwenye pini, na pini imepigiliwa kwenye ubao mgumu. Ubao huo ukipasuka au ukichoka, pini hulegea. Fundi atatyuni leo, wiki ijayo sauti imeshuka tena. Sasa niambie, vanishi itakusaidia nini?

Fungua kifuniko cha juu, washa tochi, utazame. Utaona nyundo zilizovikwa sufu iliyoshindiliwa, na kwenye vichwa vyake mifereji iliyochimbwa na nyaya kwa miaka ya kupigwa. Hiyo isikutishe, sufu ikiwa bado nene fundi huisawazisha. Ukikuta unga na matundu, nondo wamekula, nayo hubadilishwa. Na kama unakaa Tanga au Mombasa, kibao kinachogoma kurudi juu mara nyingi kimeshikwa na unyevu tu, hakijafa. Usikate tamaa mapema.

Ila nakusihi, usipulizie mafuta kwenye pini. Najua kutu inakuudhi, lakini mafuta yakishanywewa na ule ubao hayatoki, na pini haitashika tena. Usifungue nyaya mwenyewe pia, waya uliokazwa ukikatika unajeruhi. Na usimharakishe fundi apandishe sauti yote siku moja. Piano iliyolala miaka mingi hupandishwa kwa awamu, la sivyo nyaya kuukuu zitakatika mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja ni gharama. Haraka haraka haina baraka, mdogo wangu.

Kuna jambo jingine linalonigusa moyo. Tazama vile vibao vyeupe. Ukiona mstari mwembamba unaotenganisha sehemu pana ya mbele na mkia wake, na vinyuzi vidogo ndani, huenda hizo ni pembe za ndovu. Watu wetu walizibeba mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, zikavushwa Unguja, nyingi zikaenda kuchongwa Ivoryton na Deep River, huko Connecticut, Marekani. Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu wa Afrika. Kwa hiyo usivibandue ukavitembeza sokoni, wala usinunue piano ya namna hiyo ng'ambo bila kuuliza vibali. Sheria za wanyamapori, Kenya na Tanzania, ni kali, na kesi haijui kwamba ulikuwa unapenda muziki.

Na fundi akikwambia ubao umekwisha, au fremu ya chuma imepata ufa, msikilize. Najua inauma kama ni piano ya bibi. Lakini kumpenda bibi si kumaliza ada ya watoto kwa kitu kisichotengenezeka. Yeye mwenyewe angekugombeza.

Basi kabla ya kununua hata kopo moja la vanishi, muite fundi akague pini na ubao wake, akupe kauli yake. Ukishaisikia, ndipo ufungue pochi.