Mawasiliano ya Afya: Masomo na Kazi Zake

Kijitabu kwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita, wazazi na walezi

Kwa nini fani hii?

Chanjo inaweza kufika zahanati, na bado mama asimpeleke mtoto. Huenda uvumi ulitangulia, au tangazo lilibandikwa mahali asipopita. Mtaalamu wa mawasiliano ya afya huitafuta sababu hiyo kwanza, ndipo aandae ujumbe.

Tulikotoka

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia Watanzania wapatao milioni 2. Watu walisikiliza redio wakiwa vikundini, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kuondoa mazalia ya mbu.

Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliohusu uzazi wa mpango na UKIMWI. Hadi mwaka 1995 eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti walinganishe. Waliona matumizi ya uzazi wa mpango yakiongezeka zaidi ulikosikika. Hapo ndipo fani hii inapotofautiana na kupiga mbiu: matokeo ya ujumbe hupimwa.

Utasoma nini?

- Afya ya jamii na jinsi magonjwa yanavyoenea
- Tabia za watu na yanayowafanya wazibadilishe
- Utafiti: mahojiano, majadiliano ya vikundi na takwimu
- Uandishi, vipindi vya redio na televisheni, mitandao ya kijamii
- Mawasiliano wakati wa mlipuko
- Maadili, hasa kutunza siri za mgonjwa

Usome wapi?

Fani hii ina milango miwili. Unaweza kuanzia upande wa afya, kwa mfano Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, au upande wa habari, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza. Wengi huziba pengo la upande wa pili kwa shahada ya uzamili. Kabla ya kuomba, soma mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania ujue sifa zinazotakiwa mwaka huo.

Kazi zinazokusubiri

- Afisa elimu ya afya kwa umma, wizarani, mkoani au halmashauri
- Afisa uhusiano wa hospitali
- Mwandishi wa habari za afya
- Mratibu wa uhamasishaji katika miradi ya chanjo, lishe, malaria au VVU
- Mtafiti na mtathmini wa kampeni
- Mtaalamu wa mawasiliano ya dharura

Kazi hii ya mwisho ni nzito. Ugonjwa wa Marburg ulipothibitishwa mkoani Kagera, Machi 2023, haikutosha kutaja dalili tu. Marburg huweza kuambukiza hata kwa kugusa mwili wa marehemu, na kuosha maiti ni heshima ya mwisho. Anayewaambia wafiwa wasiguse lazima ajue kuzungumza na wazee, mashehe na wachungaji, na kuwasikiliza.

Anza sasa

Jifunze kuandika Kiswahili chepesi na sahihi. Usiikimbie baiolojia wala hesabu. Jiunge na klabu ya afya shuleni. Kisha uliza kila chuo unachokifikiria: wanafunzi huenda kwa wananchi kujaribu ujumbe wao, au huishia darasani? Chagua kinachowapeleka kwa wananchi.