SOMO LA FAMILIA: SHIMO JEUSI LISILOONEKANA

Soma: Zaburi 139:7-12

Vijana wetu waliuliza: ikiwa shimo jeusi la angani halionekani, wataalamu wamejuaje kwamba lipo?

1. Kuona ni nini?
Jicho huona kitu pale mwanga unapotoka kwenye kitu hicho na kuingia jichoni. Moto hutoa mwanga wake wenyewe. Mwezi huturudishia mwanga wa jua. Pasipotoka mwanga, ni giza tu.

2. Kwa nini ni jeusi?
Ukirusha jiwe juu, dunia hulivuta likarudi. Ili lisirudi, lingehitaji mwendo wa kilomita 11 hivi kwa sekunde. Shimo jeusi lina uzito mwingi mno uliobanwa mahali padogo. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, lakini ukivuka mpaka wa shimo hilo hautoki tena. Na kwa kuwa hakuna kinachoushinda mwanga kwa mbio, hakuna kinachotoka.

3. Limejulikanaje?
Kwa jinsi linavyovuta jirani zake. Andrea Ghez wa Marekani na Reinhard Genzel wa Ujerumani walifuatilia kwa miaka mingi nyota zilizo katikati ya ule mkanda mweupe tunaouona usiku. Nyota moja huzunguka kila miaka 16 hivi mahali pasipoonekana kitu. Hesabu ilionyesha kwamba hapo pana uzito wa majua milioni 4 hivi. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobel.

4. Je, litatumeza?
Msiogope. Mwanga kutoka huko husafiri miaka 26,000 hivi kabla ya kutufikia.

Fundisho
Hatusemi kwamba Mungu ni kama shimo jeusi. Tunajifunza tu kwamba jicho lina mpaka. Wengi wetu tuliachana na ndugu njiani wakati wa vita, na hadi leo hatuna habari zao. Kutowaona hakutuambii kwamba wamekufa, wala kwamba wako hai. Lakini Zaburi hii yafundisha kwamba hakuna giza linalomficha mtu mbele za Mungu. Basi tuendelee kuulizia, na tuendelee kuwataja katika maombi.

Maswali ya nyumbani
1. Ni vitu gani tunavijua kwa kazi yake, ingawa hatuvioni?
2. Ni ndugu gani tutamtaja leo kwa jina katika maombi?

Mungu awabariki.