Chumba cha Uyoga Kinanuka? Usikifunge, Kipe Hewa

Somo la leo linatokana na swali ninaloulizwa sana na vijana wanaolima uyoga wa mamama mjini, kwenye chumba cha uani au banda lililobanana na nyumba za watu: "Afisa, chumba kinatoa harufu, majirani wameanza kulalamika. Nifanyeje?"

Ukiwauliza wamefanya nini mpaka sasa, jibu ni lilelile. Wamefunga madirisha ili jirani asisikie. Wengine wameziba matundu kwa nailoni na kupuliza manukato ya chumbani. Wiki mbili baadaye wananipigia tena: harufu imezidi, na uyoga unatoka na shina refu na kofia ndogo kama kifungo cha koti. Mteja wa hotelini anaukataa. Na kama umepanga, mwenye nyumba akichoka na malalamiko utaambiwa uondoe vitu vyako wakati mifuko iko katikati ya mavuno. Hiyo ni hela yako ya mbegu, mabua na kuni inapotea.

Sasa sikia. Harufu ni taarifa. Inakuambia kuna kitu hakiko sawa kwenye mfuko, sakafuni au kwenye hewa. Ukifunga chumba, tatizo linabaki palepale na unaongeza la pili. Twende hatua kwa hatua.

1. Uyoga unapumua kama wewe

Mche wa nyanya ukipata mwanga unatumia hewa ukaa, yaani kaboni dayoksaidi, na kutoa oksijeni. Uyoga haufanyi hivyo. Unavuta oksijeni na kutoa hewa ukaa, usiku na mchana, na unatoa joto pia. Kwa hiyo chumba chenye mifuko mia mbili ni kama chumba chenye watu wengi waliolala wakafunga mlango.

Kwenye chumba cha giza, wakati mbegu inatambaa ndani ya mfuko, uyoga unavumilia hewa nzito. Shida inaanza ukiuhamishia chumba cha mwanga ili uchomoze. Hapo hewa ukaa ikizidi, shina linarefuka na kofia inadumaa. Hewa ya nje ina hewa ukaa kama sehemu 420 kwa milioni. Ndani ya chumba cha mwanga jitahidi isizidi 1,000. Kama huna kipimo, uyoga wenyewe ndio kipimo: shina refu na kofia ndogo maana yake ongeza hewa.

2. Nusa kwanza, tibu baadaye

Kila asubuhi, kabla hujafungua chochote, ingia unuse. Mfuko mzima unanukia uyoga mbichi, harufu nyepesi isiyokera. Ukisikia tofauti, tafuta chanzo chake:

- Harufu ya uchachu, kama togwa iliyopitiliza. Mabua yalikuwa na maji mengi au yalishindiliwa sana, hewa ikakosa pa kupita. Toboa chini ya mfuko maji yatoke na uutenge. Safari ijayo, kabla ya kujaza, kamata konzi ya mabua uikamue kwa nguvu: yatoke matone machache tu. Yakitiririka, subiri yachuje.
- Harufu ya mayai viza. Maji yametuama chini ya mfuko au kwenye mfereji wa sakafu. Ondoa mfuko, kausha sakafu.
- Harufu inayowasha macho, kama banda la kuku lisilosafishwa. Hiyo ni amonia. Mara nyingi mtu ameongeza samadi, urea au pumba nyingi akidhani anarutubisha. Mamama hauhitaji samadi wala urea. Pumba weka kidogo tu, isizidi sehemu moja kwa kumi ya uzito wa mabua makavu.
- Harufu ya ukungu, kama nguo zilizokunjwa mbichi. Angalia kama kuna madoa ya kijani. Usiufungue mfuko huo ndani. Uvike mfuko mwingine taratibu, utoe nje, kisha unawe mikono kabla ya kugusa mingine.
- Harufu ya kuoza, karibu na samaki. Umechelewa kuvuna, au umeacha vipande vya shina kwenye mfuko. Ng'oa shada lote na usafishe kidonda.

Vijana wengi wakishamaliza ukaguzi huu wanakuta harufu yote inatoka kwenye mifuko mitano au sita, pamoja na ndoo ya mabaki iliyosahaulika nyuma ya mlango.

3. Tengeneza njia ya hewa

Dirisha moja halitoshi, maana hewa inahitaji pa kuingilia na pa kutokea. Hewa ya moto hupanda juu. Basi weka matundu ya kuingizia chini, kama futi moja kutoka sakafuni, na ya kutolea juu karibu na dari, ukuta wa upande wa pili. Hapo hewa inalazimika kupita katikati ya mifuko. Acha pia nafasi kati ya mstari na mstari; mifuko iliyobanana inajifungia hewa yake yenyewe.

Funika matundu yote kwa wavu. Inzi wa uyoga ni wadogo sana, kwa hiyo tafuta wenye matundu madogo kuliko wavu wa kawaida wa mbu. Wavu wa namna hiyo unapunguza hewa, basi tanua dirisha kidogo kufidia. Ndani ning'iniza karatasi za njano zenye gundi. Dawa ya kupuliza ya inzi usitumie humo, hicho ni chakula cha watu.

Unataka kujua kama njia inafanya kazi? Washa kijiti cha udi, kisogeze mbele ya tundu la chini, halafu katikati ya mifuko. Moshi ukielekea kwenye tundu la kutolea, uko vizuri. Ukisimama au kuzunguka papo hapo, hiyo kona haina hewa. Ukimaliza, uzime na uutoe.

4. Feni: piga hesabu kabla ya kununua

Kama matundu hayatoshi, funga feni ya kutolea hewa nje. Chukua chumba cha mita 4 kwa 3, kimo mita 2.5. Ujazo ni mita 30. Tuseme unataka hewa ibadilike mara 5 kwa saa: 30 × 5 = mita za ujazo 150 kwa saa. Wavu na kona za bomba zinapunguza nguvu, kwa hiyo ongeza nusu yake, inakuwa 225. Feni nyingi zimeandikwa CFM; gawanya 225 kwa 1.7, unapata kama CFM 132. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia muuza duka.

Feni ivute hewa kutoka ndani, isipulize mifuko moja kwa moja, maana vichwa vichanga vitakauka. Na matundu ya chini usiyazibe kwa sababu tu una feni. Umeme ukikatika usiku, hayo ndiyo yatakayookoa mifuko yako.

5. Hewa bila kukausha chumba

Hapa wengi wanakwama. Uyoga unataka unyevu wa asilimia 80 hadi 95, na hewa ya nje inaondoa unyevu. Njia rahisi ni kutundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya matundu ya kuingizia, kumwagia sakafu maji masafi, na kubadilisha hewa kidogo kidogo mara nyingi badala ya mara moja kwa muda mrefu. Zito zaidi fanya alfajiri na jioni, wakati nje kuna ubaridi. Magunia yafuliwe kila wiki, la sivyo yatageuka chanzo kipya cha harufu.

Ukishanyunyiza maji, ruhusu hewa ipite mpaka mgongo wa uyoga usiwe na matone. Maji yakikaa juu yake kwa muda mrefu, bakteria wanaleta madoa ya njano na kahawia, kisha harufu.

6. Jirani naye ana haki ya hewa

Usielekeze tundu la kutolea kwenye dirisha la mtu. Panda na bomba hadi juu ya paa, hewa ichanganyike huko. Mifuko iliyokwisha na mabaki ya kukata yaondoke siku ileile. Yapeleke shambani, ni mbolea nzuri ya mboza ikishaoza vizuri kwenye lundo.

Kuna wanaoniuliza kuhusu chujio la mkaa. Mkaa wa jikoni unanasa harufu kidogo sana. Ule maalumu wa viwandani unafanya kazi vizuri zaidi, lakini unyevu mkubwa unaupunguzia nguvu, na chumba cha uyoga ni unyevu mtupu. Kwa hiyo usianzie huko. Manukato ndiyo usiyaguse kabisa: hakuna mteja anayetaka mchuzi wa uyoga unaonukia waridi.

7. Kifua chako

Uyoga ukikomaa unamwaga vumbi jeupe. Hizo ni mbegu zake za asili, na ukizivuta kila siku zinaweza kukuletea kikohozi, homa na kifua kubana. Vuna kabla kingo za kofia hazijanyooka na kuanza kujikunja juu. Fungua hewa kwanza ndipo uingie, na vaa barakoa inayobana vizuri usoni. Ukianza kukohoa kila ukitoka chumbani, nenda hospitali na uwaambie unalima uyoga.

Kazi ya wiki hii: nusa chumba asubuhi, toa mifuko mibovu, pima njia ya hewa kwa udi, halafu ndipo ufikirie feni. Ukifuata mpangilio huo unaweza kugundua kwamba feni yenyewe hukuihitaji.

Kazi njema, na mavuno mema.