Basi la Manjano la Zamani

Hapo zamani watoto wengi wa mashambani katika Marekani walikwenda shule kwa magari ya farasi. Baadaye yakaja mabasi, lakini kila mahali palikuwa na rangi yake. Mwaka 1939 Bwana Frank Cyr aliwakusanya walimu na watengenezaji wa mabasi huko New York. Wakachagua rangi ya manjano, kwa kuwa huonekana upesi alfajiri na jioni, na herufi nyeusi husomeka vizuri juu yake. Hivyo madereva wengine hujua kwamba watoto wamo, wakajihadhari.

Kuliendesha basi la kale kulitaka ustadi. Kila alipobadili gia, dereva alikanyaga klachi mara mbili huku akisikiliza sauti ya injini; akikosea, gia zilisagana kwa kelele. Wazee waliosafiri ndani yake hata leo huikumbuka sauti ile kwa upendo.

Basi moja la mwaka 1927, lililojengwa na Albert Luce wa Georgia, limetunzwa katika makumbusho ya Henry Ford, Michigan. Chombo kilichochukua watoto salama chastahili heshima.

Maswali:
1. Kwa nini ilichaguliwa rangi ya manjano?
2. Dereva wa kale alibadilije gia?