Kimya cha Kompyuta Si Jibu: Somo Kuhusu Uhamishaji wa Taarifa Kati ya Maabara na Kliniki

Sampuli ya damu inapochukuliwa kliniki, huanza safari mbili. Ya kwanza huonekana kwa macho: chupa huandikwa namba, hufungwa kwenye kisanduku cha baridi na kupelekwa maabara. Ya pili ni safari ya jibu, kutoka katika kanzidata ya maabara, yaani hazina ya kumbukumbu zilizopangwa ndani ya kompyuta, hadi katika kanzidata ya kliniki ambamo daktari au muuguzi atalisoma. Safari ya kwanza ina dereva na daftari la kusaini. Kisanduku kikipotea, mtu huulizwa. Safari ya pili, mahali ambapo mifumo imeunganishwa, hukabidhiwa programu inayofanya kazi yenyewe, mara nyingi usiku, bila mtu kuitazama. Makala haya yanaeleza namna programu hiyo inavyofanya kazi, mahali inapoweza kukosea, na wajibu unaobaki mikononi mwa binadamu.

Uzito wa jambo hili

Chukua kipimo cha wingi wa virusi kwa mtu anayetumia dawa za kufubaza VVU. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, jibu linalozidi kopi 1000 kwa mililita humtaka mhudumu achukue hatua: ushauri wa kina kuhusu ufuasi wa dawa, kurudia kipimo, na pengine kubadili dawa. Jibu hilo lisipofika, mgonjwa huendelea na dawa ambazo huenda hazimsaidii tena.

Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi. Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU hupimwa vinasaba vya virusi akiwa na umri wa wiki 4 hadi 6. Asipotibiwa, uwezekano wa mtoto mwenye maambukizi kufariki kabla ya kutimiza miaka miwili hukaribia nusu. Jibu linalokaa maabara kwa miezi miwili, hata likiwa sahihi kabisa, huweza kuwa limechelewa mno.

Kwa nini kanzidata mbili hazielewani

Kanzidata ya maabara na ile ya kliniki aghalabu hutengenezwa na watu tofauti, kwa wakati tofauti na kwa shabaha tofauti. Moja hupanga kumbukumbu kwa namba ya sampuli, nyingine kwa namba ya mgonjwa. Moja huandika 03/04 ikimaanisha tarehe 3 Aprili, nyingine huisoma kuwa tarehe 4 Machi. Moja hupima sukari ya damu kwa milimoli kwa lita, nyingine kwa miligramu kwa desilita. Sukari ya 10 katika kipimo cha kwanza ni sawa na 180 katika kipimo cha pili. Namba 10 ikihamishwa bila kipimo chake, mgonjwa mwenye sukari iliyopanda ataonekana kuwa na sukari iliyoshuka kiasi cha kutishia uhai.

Ndiyo maana ulimwengu wa tiba ulitunga lugha za pamoja. Shirika la HL7, lililoanzishwa mwaka 1987, huweka kanuni za namna ujumbe wa afya unavyopangwa, na kanuni zake za karibuni zaidi huitwa FHIR. Orodha ya LOINC, iliyoanza mwaka 1994, hukipa kila kipimo cha maabara namba yake maalumu, ili mifumo miwili inapozungumzia kipimo kimoja isitumie majina mawili.

Hatua nne za uhamishaji

Hatua ya kwanza ni kuchota. Kwa wakati uliopangwa, tuseme kila saa au kila siku saa 8 usiku, programu huchukua kumbukumbu mpya tu, si zote. Hapa pana mtego. Programu ikichagua kumbukumbu kwa tarehe ambayo sampuli ilichukuliwa, jibu lililosahihishwa wiki moja baadaye halitachotwa, na kliniki itabaki na jibu la zamani lenye kosa. Sharti ichague kwa wakati ambao kumbukumbu ilibadilishwa mara ya mwisho.

Hatua ya pili ni kugeuza: tarehe, vipimo na majina ya majibu hubadilishwa yaendane na kanzidata inayopokea.

Hatua ya tatu ni kupakia. Mtandao hukatika na umeme huzimika, kwa hiyo programu lazima iweze kurudia kazi bila kuleta madhara. Kila jibu libebe namba yake ya kudumu, ili likitumwa mara mbili lisigeuke majibu mawili ya mgonjwa mmoja.

Hatua ya nne ni kuthibitisha, nayo ndiyo husahaulika. Mfumo unaopokea urudishe stakabadhi kwa kila jibu: limepokelewa, au limekataliwa kwa sababu fulani. Programu isiyodai stakabadhi ni sawa na mtu aliyetumbukiza barua katika sanduku la posta, kisha akahesabu kuwa imesomwa.

Kosa lisilopiga kelele

Mashine ya maabara ikiharibika, kazi husimama na kila mtu hujua. Programu ya uhamishaji ikishindwa usiku, asubuhi kompyuta huwaka kama kawaida, na mahali pa jibu huwa patupu tu. Utupu huo unaweza kuwa na maana nyingi: kipimo hakijafanyika, sampuli ilikataliwa kwa kuwa damu iliganda, jibu liko njiani, au jibu lilifika likakataliwa na mfumo. Mhudumu mwenye foleni ndefu anaweza kuusoma utupu huo kuwa hakuna tatizo. Hapo ndipo madhara huanzia.

Kinga yake ni hesabu ya kila siku, ambayo hata mtu asiyejua kuandika programu anaweza kuifanya. Majibu yaliyotoka lazima yawe sawa na yaliyopokelewa yakijumlishwa na yaliyokataliwa. Kwa mfano, maabara ikitoa majibu 240 na kliniki ikapokea 233, yale 7 lazima yaonekane kwenye orodha ya yaliyokataliwa, kila moja na sababu yake. Yasipoonekana, yamepotea, na yatafutwe siku hiyohiyo. Orodha hiyo iwe na mwenyewe, mtu mmoja anayejulikana kwa cheo chake, na anayeshika nafasi yake anapokuwa likizo. Majibu ya hatari yasisubiri kompyuta kamwe, yapigiwe simu.

Jibu kuingia kwa mtu asiye wake

Kuna kosa baya kuliko jibu kupotea, nalo ni jibu kuingia katika jalada la mtu mwingine. Jina moja huandikwa Mohamed, Muhammad au Mohamedi kutegemea karani. Tarehe ya kuzaliwa mara nyingine hukadiriwa. Na watu wawili wenye majina yanayofanana huweza kuhudhuria kliniki moja. Kwa hiyo mifumo isiunganishe kumbukumbu kwa jina peke yake. Namba ya mgonjwa na namba ya sampuli ndizo nguzo, na jina ni shahidi. Vikipingana, programu iweke jibu kando na kumwachia binadamu aamue.

Siri ya mgonjwa safarini

Taarifa inayosafiri inaweza kudukuliwa. Isimbwe ili asiyehusika asiweze kuisoma, na kila anayeifungua aache alama ya jina lake na saa. Aidha, itumwe ile tu inayohitajika. Takwimu za mwezi zinazoingizwa katika DHIS2, mfumo unaotumiwa na wizara za afya za nchi nyingi ikiwamo Tanzania, ni hesabu za jumla. Hazihitaji jina la mtu yeyote. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti.

Yapasayo kufanywa

Mhudumu wa afya, unapokuta nafasi ya jibu ni tupu, usiandike kwamba jibu ni la kawaida. Andika kuwa halijapatikana, kisha ulifuatilie maabara kwa namba ya sampuli. Kiongozi wa kituo, uliza kila asubuhi maswali matatu: yametoka mangapi, yamefika mangapi, na yaliyokataliwa yako kwa nani?

Nawe mgonjwa, au mzazi wa mtoto aliyepimwa, unayo haki ya kuuliza siku ambayo jibu linatarajiwa. Hifadhi kadi yako, na hakikisha jina na namba vimeandikwa sawasawa kabla ya damu kuondoka. Siku hiyo ikipita kimya, usidhani kwamba kukosa habari ni habari njema. Rudi kituoni uulize.